Kamba Zilizobaki Stoo

Saa nne na dakika kumi asubuhi kabati la dawa lilinigomea. Lilinigomea mbele ya mwenye mnyama, kwa sauti iliyorekodiwa ya yule dada mpole wa Wizara ambaye natamani siku moja nikutane naye uso kwa uso.

"Daktari Yuditha Chiwanga, mzigo wako ni sitini na nne. Kabati hili hufunguka chini ya thelathini. Tafadhali jipe tulizo kwanza."

"Nimesikia," nikaliambia.

Ndiyo, naongea na kabati. Miaka kumi na tisa nikiwa daktari wa mifugo hapa Mpwapwa nimeongea na mbuzi, na majogoo, na maofisa wa mkoa, na kati ya hao wote mbuzi ndio walionielewa. Kabati halinitishi.

Mbele yangu alisimama punda aitwaye Posta, shingo ameinyoosha, udenda unachuruzika mpaka sakafuni, puani povu la kijanikijani. Anajaribu kumeza, anashindwa, anakohoa, anatetemeka. Kando yake Mama Sechelela, mwuza maji wa kule Ving'hawe, ameshika pindo la kanga mdomoni. Alimwita punda wake Posta kwa sababu hafiki kwa wakati, ila kufika anafika.

Udenda na kushindwa kumeza: mwongozo wetu unasema mnyama wa namna hiyo adhaniwe ana kichaa cha mbwa, asiguswe mdomoni, apumzishwe, kichwa kipelekwe maabara. Kupumzishwa ndiyo kauli yetu ya kazini ya kuuawa kwa sindano. Nilikuwa tayari. Ila kabati halikuwa tayari, na kosa lilikuwa la umeme.

Nieleze, maana wapo wasioijua bughudha hii. Tulizo ni kidude kidogo mfano wa kifungo cha koti, unakibandika nyuma ya sikio. Ukishampumzisha mnyama, unatoka nje, unakibonyeza, unakaa dakika nne. Hakifuti kumbukumbu. Unakumbuka kila kitu, mnyama, mwenyewe, sindano, saa. Kinachoondoka ni ule uchungu wake tu. Unarudi ndani mwepesi kabisa. Kidude hicho kinapima mzigo ulio nao moyoni na kuutuma kwa kabati, na kabati halikupi dawa ya kupumzishia kama mzigo wako uko juu. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Daktari Amosi Malogo, mwenzangu wa darasa moja, aliacha chanjo katikati ya zizi, leo anauza misumari Kibaigwa na mbwa akibweka anafunga duka. Wengine wawili walikutwa na dawa ile mkononi, tukawazika, na sisi wote tunajua kufuli lile liliwekwa kwa sababu gani. Kwa hiyo sikusema siku ile, wala sisemi leo, kwamba kitu hiki ni cha kutupa.

Lakini tangu usiku hapakuwa na umeme; kabati lina betri yake, ila kidude kilibaki na chaji ya kupima tu, si ya kutuliza. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimempumzisha mbwa wa mlinzi wa shule, mgongo umevunjwa na lori. Wakati natafuta mshipa alinilamba kiganja. Basi, kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne tangu nipewe Tulizo, nilitoka nje, nikabonyeza, pakawa kimya. Nikabaki na mbwa wangu moyoni.

"Lazaro," nikaita, "chukua hili balaa ulipeleke kwa fundi simu, ana sola."

Lazaro Mbeleje ndiye mshika kamba wetu. Mnyama yeyote anayetibiwa hapa, kamba yake iko mkononi mwa Lazaro. Yeye hana kidude. Wizara iliwapa madaktari tu; anayeshika kamba haingizwi kwenye hesabu ya wanaoumia. Akaenda, akarudi.

"Anasema dakika arobaini."

"Dakika arobaini punda asimame hivi?"

"Mimi nimeleta jibu, Daktari. Sikulitunga."

Nikageuza ndoo, nikaikalia, nikamtazama Posta. Na hapo, bila hodi, machozi yakaja. Nilikuwa nimesahau jinsi yanavyoanza puani kwanza. Nilikasirika vibaya sana. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, koti jeupe, nalia juu ya ndoo mbele ya mteja.

Mama Sechelela akanitazama kwa mashaka. "Daktari, unamlilia punda wangu naye hajafa?"

"Namlilia mbwa."

"Mbwa gani?"

"Wa mlinzi wa shule."

"Yule mweusi mwenye sikio moja?" Akatikisa kichwa. "Masikini. Alikuwa hamkosei mtu."

Akanipa pindo la kanga yake, lile lile alilokuwa akiling'ata. Nikajifuta. Na kwa vile nilikuwa nimeshaumia, nikajikuta siwezi kuvumilia wazo la kuumia tena kabla ya saa sita. Nikaanza kutafuta njia ya kukwepa. Nikauliza maswali ambayo kwa miezi kumi na minne sikuwa nauliza.

"Ameanza lini?"

"Alfajiri, wakati anakula."

"Anakula nini?"

"Mashudu ya alizeti. Haya mapya ya kinu, yanayokuja vidonge vidonge."

"Unayaloweka?"

"Niyaloweke ya nini? Yamekauka vizuri."

"Amechanjwa kichaa?"

Mama Sechelela akanitazama kana kwamba ni mimi mwenye kichaa. "Umemchanja mwenyewe, Daktari. Mwezi wa sita. Alikupiga teke."

Nikamkumbuka, na teke nikalikumbuka. Habari zote zilikuwamo kichwani mwangu, zimepangwa vizuri, na hakuna hata moja iliyokuwa imenisukuma niinuke.

"Kama wale wa Chilewa," Lazaro akasema.

Alisema polepole tu, anakunja kamba. Yohana Chilewa naye ni mwuza maji. Alikuwa na punda wawili, Diwani na Karani. Diwani alikuja mwezi uliopita, udenda, povu la kijani, hamezi. Nilimpumzisha. Siku sita baadaye yakaja majibu ya maabara kwenye simu: hasi. Hakuwa na kichaa. Nakumbuka nilikuwa kantini, nimeshika chapati. Nikasoma neno hilo, nikasema "sawa," nikaomba chai iongezwe sukari. Siku tatu baada ya hapo akaletwa Karani, udenda ule ule, povu lile lile, nikampumzisha na yeye. Majibu yake pia hasi. Nayo niliyasoma.

Sikuyaficha, hilo nataka lieleweke. Hayakuniwasha popote, basi nikayaacha yalipo.

"Lazaro, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukaniambia nisiwe na wasiwasi. Ukanipa na chapati nusu."

*

Kumzibua punda aliyekwamwa na chakula kooni ni kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Dawa ya kumsinzisha iko kwenye droo ya kawaida, haina kufuli wala dada mpole. Unamdunga, anainamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Unavaa glavu na miwani, unapitisha mrija puani taratibu mpaka uguse ule mzibo, unamimina maji ya uvuguvugu kidogo kidogo, unaacha yatoke na uchafu wake, unarudia. Kichwa kisiinuke, maji yasije yakaingia mapafuni. Hakuna ujanja wowote hapo, ni uvumilivu tu.

Tulirudia mara kumi na saba. Mgongo uliniuma, maji yalinilowesha mpaka soksi, na kila mara nilipomimina nilimwona Diwani, na nilipovuta nilimwona Karani. Nilikuwa natukana kwa kinywa kilichofungwa. Namtukana aliyebuni kidude, na mwenye kinu cha alizeti, na shirika la umeme, na hasa mtu mmoja mwenye chapati.

Mara ya kumi na nane kikatoka kibonge cha mashudu kikubwa kama yai la bata. Posta akashusha pumzi ndefu, akapiga chafya, akanichafua uso mzima.

"Amefika," Mama Sechelela akasema, akakaa chini palepale kwenye maji.

"Yaloweke, mama. Kuanzia leo. Saa moja kabla ya kumpa. Na leo asile kitu, maji tu."

Alinishika mikono yote miwili. Sikustahili, na nilitaka kumwambia, ila nilikuwa nahitaji ndoo safi. Lazaro alikuwa ameshika punda, hivyo nikaenda stoo mwenyewe. Sijui mara ya mwisho niliingia stoo lini.

Ukuta wote wa nyuma ulikuwa umepigiliwa misumari, na kila msumari una kamba. Kamba za katani, za mipira, za vitambaa vilivyosukwa, mikanda ya mbwa, kengele mbili za mbuzi. Kila moja ina kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu ya wino: jina la mnyama, jina la mwenyewe, tarehe. Nikazihesabu mara mbili. Arobaini na tatu.

Kwetu hapa mnyama akifa mkononi mwa mganga, kamba yake hurudishwa kwa mwenyewe. Huirudishi kwa mtu wa kutumwa. Mkono uliomaliza ndio unaorudisha, na mwenye mnyama akiipokea, mambo yameisha kati yenu. Kamba haiombwi, inaletwa. Nilikuwa nafanya hivyo miaka yote. Halafu Tulizo likaja, nikawa natoka nje kubonyeza, nikirudi ninakuwa na haraka ya mgonjwa anayefuata.

Lazaro alikuwa amesimama mlangoni.

"Mbona hukuwapa wenyewe?" nikamwuliza.

"Niwape mimi? Mimi niliua?"

"Ungeniambia basi."

"Daktari," akasema, na ndiyo mara ya kwanza nikamwona amechoka kuliko mimi, "ukitoka kule nje ulikuwa unarudi unaniuliza habari za mpira. Ningekwambiaje?"

*

Akanipa kidude, kimeshaletwa na fundi, na nilipokibandika tu nyuma ya sikio simu ikalia. Kitengo cha Ustawi wa Madaktari, ofisa mmoja aitwaye Ritha, sauti laini kuliko ya kabati.

"Daktari Yuditha, kidude chako kimewaka sasa hivi na kimesoma tisini na moja. Uko salama?"

"Nimetoka kumponya punda."

"Hongera. Lakini tisini na moja ni hatari. Utaratibu unasema ujipe tulizo kabla ya saa tisa, vinginevyo leseni inasimama mpaka uchunguzwe."

"Dada Ritha, hiki kidude kimenifanya niue punda wawili wazima."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa. Naamini alikuwa anatafuta ukurasa. "Kidude hakitoi maamuzi ya kitabibu, Daktari."

"Hakitoi. Kinaniondolea sababu ya kuyafikiria."

"Kimewaokoa wenzako," akasema, na safari hii hakuwa anasoma. "Kaka yangu mmoja wao. Naomba usikivue."

Alikuwa anasema kweli, na mimi pia, na hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Nikamwahidi saa tisa.

Na saa tisa ile ile nilikuwa na miadi. Ng'ombe wa Mama Matika, mguu umevunjika juu ya goti, mfupa uko nje. Huyo hakuna mrija wa kumponya. Kabati lisipofunguka ataendelea kulia mpaka kesho. Nikibonyeza sasa, nitakwenda kwa Chilewa kurudisha kamba za punda wake na uso wa mtu anayeuza vocha. Nisipobonyeza mpaka saa tisa ipite, ng'ombe ndiye atakayenilipia deni langu. Ilikuwa saa saba kasoro. Nikachukua kamba mbili kwenye misumari.

"Kidude usikiache," Lazaro akasema.

"Ninacho mfukoni."

*

Nilimkuta Yohana Chilewa barabara ya bombani, anapanda mlima. Mkokoteni ulikuwa na mapipa manne ya maji na kati ya mipini yake alikuwa yeye mwenyewe, mkanda wa ngozi umempita kifuani. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mkimya. Akaniona, akaweka jiwe chini ya gurudumu.

"Mbukwenyi," nikamwamkia.

Alikuwa anatazama mikono yangu. Nikazinyoosha kamba, moja ya katani, moja ya kitambaa chekundu kilichosukwa.

"Nilidhani ulizitupa," akasema. Hakuzipokea bado.

"Sikuzitupa. Nilizisahau, na hilo ni baya zaidi. Yohana, nina neno lingine. Diwani hakuwa na kichaa. Karani pia hakuwa nacho. Walikwamwa na mashudu makavu kooni. Leo nimemzibua punda wa Mama Sechelela mwenye dalili zile zile, kwa maji na mrija, saa moja tu."

Gari la droni za maabara likapita, vumbi likatufunika, likatulia.

"Majibu ya Diwani yalikuja lini?"

Nililijua swali hili tangu stoo. Njia nzima nilikuwa naomba asiliulize.

"Siku tatu kabla hujamleta Karani."

"Ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Akafungua mkanda kifuani, taratibu, tundu moja moja. Nikadhani atanipiga na nikaona ni haki yake. Aliuweka tu juu ya pipa.

"Siku ile ya Karani," akasema, "nilikaa pale kwenye benchi lenu. Nikasema daktari akitoka nitamwona usoni kama alijitahidi. Ukatoka, ukazunguka nyuma ya nyumba. Ukarudi. Unajua ulirudi vipi?"

"Sijui."

"Unapiga mluzi. Wimbo wa kwaya. Ukanipita."

Nikakumbuka. Wimbo wenyewe nikaukumbuka, na jua lilivyokuwa, na magoti yake yaliyokuwa kwenye benchi na mimi nikayakwepa nisijikwae. Vyote vilikuwamo, na sasa vikaja na uchungu wake wote kwa mara moja.

"Sikuombi msamaha leo," nikamwambia, "nitakuja nikuombe siku ukiweza kunisikia. Leo nimeleta kamba."

Alizitazama. Halafu akazichukua, kwa mkono mmoja, si miwili. Ile ya kitambaa akaifunga kwenye mpini wa kulia, upande aliokuwa akisimama Karani. Ile ya katani akaiweka mfukoni. Akavaa mkanda wake.

"Toa jiwe," akasema.

Nikatoa jiwe. Nikasukuma kwa nyuma mpaka juu ya mlima. Kule juu hakugeuka kuniaga.

*

Saa tisa kasoro dakika kumi nilikuwa nyuma ya kliniki, kidude sikioni. Kilisoma tisini na sita. Ng'ombe wa Mama Matika alikuwa anasikika mpaka barabarani.

"Lazaro, njoo hapa. Nikibonyeza hiki, nitakuwa yule mtu."

"Najua."

"Mimi nitakumbuka kila kitu na hakitanihusu. Sasa sikiliza. Nikianza kupiga mluzi, nikanyage mguu."

"Daktari?"

"Nikanyage. Ukiwa umevaa buti. Na mnyama akishalala, usifungue kamba. Nitaifungua mimi. Nikitaka kutoka nje kabla sijaifungua, simama mlangoni."

"Utanifokea."

"Nitakufokea. Simama tu."

Nikabonyeza. Dakika ya kwanza nilimwona Chilewa na mkanda wake kifuani. Ya pili bado nilimwona. Ya tatu nikaona kwamba alikuwa mtu mwenye mkokoteni. Ya nne nikasimama, mgongo umeacha kuuma, nikajisikia kwamba hewa ni nzuri kwa saa tisa ya Mpwapwa. Kabati likafunguka bila ubishi. Kumi na mbili, lilisema. Asante, Daktari.

Nilifanya kazi vizuri, siwezi kusema uongo. Mshipa niliupata mara ya kwanza. Mama Matika alikuwa amepiga magoti, shavu lake kwenye shingo ya ng'ombe, anamtaja sifa zake kwa Kigogo, rangi yake, ndama wake, mwaka wa njaa alipowanywesha watoto maziwa. Nikavuta dawa, nikawaza kama kantini bado wana chapati.

Buti la Lazaro likashuka juu ya vidole vyangu vya mguu wa kushoto, zima zima.

Sikuwa nimejua kwamba midomo yangu ilikuwa imejikunja. Nikaifunga. Nilimtazama Lazaro kwa hasira ya kweli, naye alikuwa anatazama kamba, machozi yanamtoka kama yalivyomtoka mara arobaini na tatu kabla ya hapo, na mimi sikuwa nimewahi kuyaona.

Nikadunga. Ng'ombe akashusha kichwa kwenye paja la mwenyewe. Nikasikiliza moyo mpaka ukanyamaza, halafu nikasikiliza dakika nyingine moja. Nilipoinuka, miguu ilinigeukia mlangoni yenyewe kwa mazoea, na Lazaro alikuwa amesimama pale, upana wake wote.

"Pisha," nikamwambia.

Hakupisha. Nikamfokea kama nilivyoahidi, nikamtaja na mama yake. Hakupisha. Basi nikarudi, nikainama, nikaanza kuifungua kamba shingoni. Fundo lilikuwa limekaza. Shingo ilikuwa bado ya moto. Nilihangaika nalo kwa kucha, na kabla halijalegea nikahisi kitu kinaanza puani.

"Mama Matika," nikasema, "kamba yako."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akanitazama usoni, akatafuta, na nadhani akapata alichokuwa anatafuta, maana aliinamisha kichwa akasema, "Haya, mwanangu. Yameisha."

Sikioni dada mpole akaamka. "Daktari Yuditha, mzigo wako umefika thelathini na tano. Tafadhali jipe tulizo."

"Subiri," nikamwambia. Nikachechemea hadi stoo. Zilikuwa zimebaki kamba arobaini na moja.